Mtu wa Makamo na Mlima



Katika mtaa wetu limezuka swali ambalo bado linazungumzwa mlangoni pa kanisa kila baada ya ibada. Baadhi ya akina baba na akina mama, wote wakiwa wamepita miaka 45, wamekusudia kupanda Mlima Kilimanjaro, na kwa safari hiyo kuchangisha fedha za kuezeka paa la zahanati. Wako waliofurahi, na wako waliotikisa kichwa. Mzee mmoja alisema kwamba kijana akipanda mlima huitwa shujaa, lakini mwenye wajukuu akipanda huulizwa anamkimbia nani. Watu walicheka. Hata hivyo neno lake lafaa kujibiwa, maana ndani yake mna swali la haki: Je, yampasa mtu wa makamo, ambaye watu wengi wanamtegemea, kuupeleka mwili wake kwa hiari penye baridi na hatari, hali hakuna aliyemtuma?

Kwanza tuwasikilize wanaokataa, kwa kuwa hawasemi upuuzi. Wao husema kwamba mwili wa mtu wa makamo si mali yake peke yake. Ana mke au mume, ana watoto shuleni, ana wazazi waliokwisha kuzeeka, na pengine ana deni la ushirika. Akivunjika mguu yeye, wanaochechemea ni wengi. Tena husema kwamba kujitia hatarini bila sababu ni kumjaribu Mungu, nao hutukumbusha jinsi Bwana Yesu alivyosimamishwa juu ya kinara cha hekalu akakataa kujitupa chini (Mathayo 4). Husema pia kwamba safari za namna hii ni za majivuno, mtu apate picha na cheti cha kutundika sebuleni.

Akina mama wameongeza neno jingine, nalo ni zito kuliko hayo yote. Wameuliza: Huyu mwanamke wa kijijini apandaye kilima kila siku, mzigo wa kuni kichwani na mtoto mgongoni, nani amemtolea cheti?

Basi na tuanze na umri. Maandiko hayamwambii mtu akae chini kwa sababu nywele zake zina mvi. Kalebu alikuwa na miaka 40 alipotumwa kuipeleleza nchi. Alipofika miaka 85 alimwendea Yoshua, na badala ya kuomba bonde lenye rutuba, aliomba nchi ya milima, ile ambayo Waanaki walikuwa wakikaa humo katika miji yenye maboma (Yoshua 14). Tunapenda kuitaja habari hii kwa ajili ya zile nguvu zake. Lakini tukisoma sura ifuatayo twaona zile nguvu zilikuwa za nini: binti yake Aksa alikuja akaomba chemchemi za maji, naye akampa. Mlima wa Kalebu ulikuwa urithi wa watoto wake. Hapo tunapata kipimo cha kwanza. Yafaa kuuliza ni nini kitakachoteremka mlimani pamoja na mpandaji, na nani atakayekunywa katika chemchemi hiyo.

Umri wa makamo una majaribu yake. Mtu akifika hapo hugundua kwamba nguvu zake hazizidi tena kama zamani. Amewazika wazazi, au anawauguza, na mbele yake hakuna tena safu ya wazee ya kujificha nyuma yake. Hapo hunyemelewa na hatari mbili. Ya kwanza ni kujizeesha kabla ya wakati: kukaa, kula, kutumwa watoto hata kikombe cha maji, na kuita hali hiyo heshima. Ya pili ni kujifanya kijana, kushindana na wanawe na kuuficha ugonjwa wake. Zote mbili ni namna ya kukataa umri ambao Mungu amempa.

Kwa hatari ile ya kwanza, safari ya mlima ina dawa ya kweli, nayo huanza miezi mingi kabla ya mlima wenyewe. Shirika la Afya Duniani lawashauri watu wazima wapate walau dakika 150 kila juma za kuutumikisha mwili kwa kiasi, kama vile kutembea kwa haraka. Mtu ajiandaaye kupanda hana budi kuyafanya hayo na zaidi. Huamka mapema, huacha gari au pikipiki, hupima moyo wake na shinikizo la damu kwa daktari. Hata asipofika kileleni, mazoezi hayo yamekwisha kumfaa yeye na nyumba yake.

Kwa hatari ile ya pili mlima una dawa nyingine, nayo ni chungu. Mtu aliyezoea kuamuru nyumbani na ofisini hukuta kwamba kiongozi wa safari yake ni kijana wa umri wa mwanawe, naye kijana humwambia, "Pole pole, mzee," na mzee hana budi kutii. Akikaidi, mlima humjibu mwenyewe. Kilele cha Uhuru kiko meta 5,895 juu ya usawa wa bahari, na huko kila pumzi humpa mtu kama nusu tu ya hewa safi aipatayo pwani. Kichwa huuma, chakula hakishuki, usingizi hukimbia. Ugonjwa ukizidi, maji huweza kuingia mapafuni au ubongo ukavimba, na dawa iliyo ya hakika ni kumteremsha mgonjwa mara moja. Ugonjwa huu hauogopi misuli ya mtu. Mara nyingi vijana wenye nguvu ndio unaowaangusha, kwa sababu wao ndio wenye haraka.

Je, huku ni kumjaribu Mungu? Nadhani hapa yafaa tupambanue. Kule hekaluni Ibilisi hakumwomba Bwana Yesu apande. Alimtaka ajitupe chini, ili Mungu alazimike kumdaka. Kumjaribu Mungu ni kuacha wajibu wetu na kumbebesha Yeye. Basi mtu aliyepimwa akaambiwa moyo wake haufai, naye akaenda kwa kusema "Mungu yupo", huyo anajitupa kutoka kinarani. Aliyejiandaa, akasikia ushauri, akawa tayari kurudi, huyo ametumia akili aliyopewa.

Neno hilo la kuwa tayari kurudi ndilo gumu kuliko yote. Sisi tumelelewa kumsifu anayemaliza. Hakuna Mtanzania asiyeheshimu jina la John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika mbio ndefu za Olimpiki kule Mexico mwaka 1968, akafungwa bendeji, akaendelea, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Yeye alitumwa na nchi yake, na maumivu aliyoyabeba yalikuwa yake mwenyewe. Mlimani mambo si hivyo. Anayeng'ang'ania kwenda mbele huku akiyumba anawalazimisha wengine wamkokote, usiku, penye mawe na barafu. Kwa hiyo tusichanganye saburi na ukaidi. Saburi huvumilia kwa ajili ya jambo alilokabidhiwa mtu. Ukaidi hukataa tu kushindwa, na gharama yake humwangukia jirani.

Hata wale Wazungu wawili ambao habari zao zimeandikwa kuwa ndio waliofika kwanza kileleni, walifika kwa kurudi. Hans Meyer alijaribu mwaka 1887 akageuka. Mwaka 1889 alikuja tena pamoja na Ludwig Purtscheller. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingoni mwa shimo la Kibo, wakaona wamechoka na saa zimekwenda, wakateremka. Walipumzika, na tarehe 6 Oktoba wakafika juu. Siku hiyohiyo Purtscheller alikuwa anatimiza miaka 40. Kama wangekaidi siku ile ya kwanza, huenda habari yao ingekuwa ya makaburi.

Tena mlimani hakuna aendaye peke yake, hata kama picha inamwonyesha peke yake. Tarehe 14 Julai 1865 watu saba walifika juu ya mlima Matterhorn, kati ya Uswisi na Italia, ambao hakuna aliyekuwa ameupanda kabla yao. Mmoja wao alikuwa kasisi wa Kanisa letu la Anglikana, Charles Hudson, mpandaji hodari. Yeye ndiye aliyewahakikishia wenzake kwamba kijana mmoja, Hadow, mwenye miaka 19 na uzoefu mdogo, alifaa kwenda nao. Wakati wa kuteremka, Hadow aliteleza, akamwangukia kiongozi Michel Croz, na kamba ikawavuta Hudson na Lord Francis Douglas. Kamba ikakatika, na wanne wakafa. Siandiki haya ili kumhukumu marehemu. Naandika kwa sababu habari hii yatuonya kwamba mtu akitamka "Huyu anaweza" au "Mimi naweza", amezifunga kamba moja roho za wengine. Ndugu wanaokwenda pamoja wanapaswa kuambiana kweli juu ya afya zao, bila haya.

Sasa tuje kwa wale wanaobeba. Habari za Meyer na Purtscheller hazikamiliki bila wapagazi wao, na bila Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyekaa nao katika kambi ya juu kwenye baridi kali ili wawili wale waweze kupanda. Meyer alikiita kilele kwa jina la mfalme wake. Leo kinaitwa Uhuru, na ni vizuri. Lakini jina la Amani ni wachache walijualo. Hata leo mpandaji hutembea na mfuko mdogo, huku vijana wakimpita mbio na hema, maji, vyakula na majiko. Langoni mizigo yao hupimwa kwa mizani, maana pasipo mizani sisi wanadamu twajua kuwabebesha wenzetu.

Biblia inatupa mfano wa ajabu juu ya jambo hili. Daudi alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Mashujaa watatu wakapenya jeshi la adui, wakayateka, wakamletea. Naye hakuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, kwa kuwa aliona ndani yake damu ya watu waliohatirisha maisha yao (2 Samweli 23). Tamaa ya Daudi haikuwa dhambi. Kiu si dhambi. Lakini alipotambua ni nani waliolipa gharama yake, alisimama. Mpandaji Mkristo asimame hivyohivyo. Aulize kama mpagazi wake ana koti na viatu, amekula nini, amelala wapi, atalipwa ujira wake wote na kwa wakati. Kama nafuu ya safari imepatikana kwa kumpunja mpagazi, hayo ni maji ya Bethlehemu, na afadhali yamiminwe.

Na kwa mizani hiyohiyo tuzipime zile fedha za zahanati. Safari ya mlima ni ghali. Bwana Yesu alitufundisha kukaa kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara (Luka 14). Kama fedha zitakazochangwa zitamezwa na gharama za kupanda, basi tuseme kweli kwamba tunajitembeza wenyewe kwa jina la wagonjwa. Inafaa kila mpandaji ajilipie safari kwa fedha yake, isiyokuwa ya ada za watoto, na kila shilingi ya mchango iende kwenye bati. Hesabu isomwe mbele ya halmashauri ya mtaa. Kabla ya hayo yote, mume aketi na mke wake, na mke na mumewe, wakubaliane. Ruhusa iliyoporwa kwa kelele si ruhusa.

Basi jibu langu ni hili: yawezekana kwenda kwa haki. Mungu hakutupa mwili uwe wa kukaa tu hadi uchakae, na mtu wa makamo aweza kujifunza juu ya mlima unyenyekevu ambao hakuupata akiwa kitini. Lakini kipimo cha safari yake hakiko kileleni. Kiko kwa mpagazi aliyembebea mzigo, kwa mwenzi aliyebaki nyumbani, na katika utayari wake wa kugeuka hata zikibaki hatua mia.

Tusilisahau swali la akina mama. Yule mwanamke mwenye mzigo wa kuni, yule anayemwuguza mumewe mwaka wa tatu sasa, yule mzee anayetembea saa mbili kuja Komunio: hao wamepanda muda mrefu, bila kuchagua. Wanaokwenda Kilimanjaro watajifunza kwa siku chache jinsi mzigo unavyochosha. Wakirudi, na wakutane na mama huyo njiani, wamtue kuni zake na kumfikishia nyumbani. Hapo tutajua kama walipanda kweli.

Neema ya Bwana wetu iwe nanyi nyote.