Juu ya Haki ya Samaki Aliyetengwa

Katika soko la Mwandiga, pale inapoanzia barabara iendayo Manyovu, migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika huuzwa kwa mafungu, wala hakuna mnunuzi aulizwaye habari ya haki ya samaki. Basi si ajabu mtu akistaajabu kusikia kwamba wapo wafugao samaki wa mapambo wa ziwa hilihili, wasiozidi urefu wa kidole, ambao wakiugua hutengwa katika tangi lao peke yao, wakatiwa dawa na kukeshewa usiku. Kwa nini uhai wa mmoja udaiwe tiba, ilhali uhai wa elfu huishia katika mafuta ya mawese?

Jibu nalitafuta katika namna samaki yule alivyofika mikononi mwetu. Mvuvi humkuta samaki akiwa huru, akamaliza uhai wake kwa muda mfupi, na riziki hiyo ni halali. Ama mpiga mbizi amtwaaye hai miambani mwa ziwa hili, ambalo kina chake chakaribia mita 1,470 na ambalo lina aina zaidi ya 200 za jamaa ya kuhe na sato, karibu zote zisizopatikana penginepo duniani, huyo haukatizi uhai, huurefusha chini ya mamlaka yake. Tangu saa hiyo maji, joto, chakula na hata majirani wa kiumbe yule vyote viko katika hiari ya mwanadamu, na palipo hiari pana dhima.

Mafakihi walipoitafuta hukumu ya kufuga kiumbe kwa kujifurahisha, walitazama habari ya Abu Umayr, mtoto aliyekuwa na kindege chake, naye Mtume hakumkataza, bali alimliwaza kindege kilipokufa. Na ipo pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwache aende kujitafutia. Kufuga kumeruhusiwa, lakini mfugaji hana ila kutunza au kuachia, na kwa mwenye samaki wa Tanganyika mlango wa kuachia umekwisha kufungwa. Trofeusi, samaki alaye mwani wa mawe, ana rangi yake mbalimbali katika kila kipande cha pwani, na ni nadra kuvuka mchanga mpana kwenda mwamba mwingine. Ukimtupa popote ziwani umemtia ugenini, umechanganya nasaba zilizotengana tangu zama za kale, na akiwa mgonjwa umewapelekea wazima maradhi yake. Na aliye Hamburg au Chicago hana hata ziwa la kumrudishia. Kutunza ndiko kulikobaki, na kutibu ni sehemu ya kutunza.

Maradhi yanayomwandama trofeusi kizuizini ni kuvimba tumbo, ambayo aghalabu huhusishwa na chakula kizito cha nyama au bughudha ya wenzake. Huanza kwa kukataa kula na kujitenga pembeni, kisha choo hugeuka uzi mweupe, na tumbo likishavimba mara nyingi tiba imechelewa. Dawa itumikayo zaidi ni metronidazo, ileile tupewayo zahanati kwa ajili ya amiba. Tangi la karantini lisitiwe mchanga, ili choo kionekane. Liwe na kipande cha chungu cha kujificha, maana hofu nayo ni ugonjwa. Makaa ya chujio yaondolewe, kwa kuwa hufyonza dawa. Na sponji itoke katika tangi la zamani, pamoja na vijidudu vyake vinavyoigeuza amonia, kwa sababu katika maji ya magadi kama ya ziwa hili amonia huwa sumu kali kuliko katika maji ya mvua. Hapo ndipo nia ya mtu hujulikana. Asiyemjali humweka mgonjwa ndooni nyuma ya mlango. Amewalinda wazima, na katika hilo amefuata lile katazo la kuwapeleka ngamia wagonjwa penye ngamia wazima, lakini aliyetengwa amemdhulumu.

Na tiba isipofaa? Wapo wasemao aachwe hata ajali yake ifike, kwa kuwa ajali i mikononi mwa Mola. Naiheshimu kauli hiyo kwa uchaji uliomo, ila siikubali, maana tumeamriwa wema hata katika kuchinja, kisu kinolewe na mnyama asiteswe, na samaki aliyevimba hata magamba yakamsimama hana la kungojea isipokuwa maumivu. Mafuta ya karafuu, kama yale ya Unguja na Pemba, yakikorogwa vema katika maji na kutiwa tangini kidogo kidogo, humlaza samaki usingizi, yakizidishwa, haamki. Kisha maji ya tangi lile, yenye dawa na maradhi, yamwagwe shimoni katika ardhi kavu, mbali na mto Luiche na kila kijito kiteremkacho ziwani, ambako jamaa zake wangali wazima.