Kilango cha Nguruwe katika Moyo wa Muislamu

Mgonjwa amelala, miguu imevimba, pumzi zamwishia. Ameambiwa kilango kimoja cha moyo wake kimeharibika, na kwamba cha kutiwa badali yake huenda kikatoka kwa nguruwe. Hapo nyumba hugawanyika: baba asema afadhali mauti, mama alia. Tuulizwapo mas'ala haya, haitufalii kujibu kwa ghadhabu wala kwa wepesi. Yatupasa kwanza tulijue jambo lenyewe.

Moyo una vilango vinne, ambavyo madaktari waviita vali, vizuiavyo damu isirudi nyuma. Huku kwetu huharibiwa sana na homa ya baridi yabisi, itokanayo na maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Mwaka 1965, mjini Paris, Binet na Carpentier walimtilia mtu vali ya nguruwe. Baadaye Carpentier akaihifadhi kwa glutaraldehaidi, dawa ambayo hata watengenezaji ngozi huitumia. Mwaka 1971 Ionescu, huko Leeds, Uingereza, alitumia vali iliyoshonwa kwa utando uuzungukao moyo wa ng'ombe. Iko pia vali isiyo ya mnyama, iliyofanywa kwa madini na kaboni. Hiyo hudumu sana, lakini humlazimu mwenye nayo kunywa maisha yake yote dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vali za wanyama kwa kawaida hazina lazima hiyo, ila huchakaa, na kwa vijana huchakaa upesi zaidi.

Basi hukumu ni ipi? Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, amebainisha katika Minhaj kwamba aliyeunga mfupa wake kwa kitu najisi, kwa kukosa kilicho tohara, ana udhuru. Na tuliangalie sharti lile: kwa kukosa. Kurani nayo, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 173, baada ya kuharamisha nguruwe yamwondolea dhambi aliyeshikwa na dharura bila ya kukusudia kuasi.

Kwa hivyo wajibu wa kwanza ni kuuliza kabla ya kupasuliwa: Je, iko ya ng'ombe? Iko ya madini, na mgonjwa ataiweza dawa yake? Ikipatikana mojawapo imfaayo, hatuoni ruhusa ya nguruwe. Pengine mtu atasema ng'ombe huyo naye hakuchinjwa kisharia. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafi ngozi ya mzoga hutahirika kwa dabgha, na ya nguruwe haitahiriki kamwe. Basi wawili hao hawalingani.

Isipopatikana illa ya nguruwe, na daktari mwaminifu akasema pasi nayo ni mauti, kuikataa si ucha Mungu bali ni kujitupa katika maangamizo. Wala jirani asimsute aliyetiwa, wala asiitilie shaka swala yake.

Na mwenye mtoto alalamikaye koo asingoje. Ampeleke kwa daktari leo.

Wallahu aalam.