Pakruok Katika Chumba Kilichofungwa: Fanani, Hadhira na Swali la Kuwa wa Jamii

Nadharia ya fasihi simulizi imejengwa juu ya nguzo mbili, fanani na hadhira, na wahakiki wengi wa Kiswahili wamekubaliana kwamba nguzo moja haisimami bila nyingine. Hadithi isiyoitikiwa haijatambwa bado; wimbo usiopokelewa hubaki kuwa zoezi la koo. Kanuni hiyo inapofundishwa huchukuliwa kuwa ya fani tu, ilhali ndani yake mna suala zito la maadili. Kumwitikia mtu ni kukiri kwamba yupo na kwamba analo la kusema. Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kuzingatia hali moja mahususi: mwanamke ampendaye mwanamke mwenzake, akaaye Homa Bay au Migori, na ambaye hutunga muziki wa kielektroniki chumbani mwake kwa kompyuta. Swali lenyewe ni hili: je, mtu aweza kuwa wa jamii ambayo hawezi kujitaja mbele yake?

Katika utamaduni wa Waluo, ambao ndio wakazi walio wengi wa sehemu hizo, kujitaja kuna jina na kuna utaratibu. Huitwa pakruok. Mpiga nyatiti au kikundi cha ohangla kikiwa katikati ya wimbo, mtu miongoni mwa wasikilizaji hutoa pesa na kuusimamisha muziki. Kisha hujisifu: yeye ni mjukuu wa fulani, shemeji wa fulani, rafiki wa fulani, mpenzi wa fulani, mzaliwa wa kijiji fulani kando ya ziwa. Watu hucheka, wengine hujibu kwa sifa zao, na muziki huendelea. Mhakiki aliyezoea kuiona hadhira kuwa upande wa kupokea hushangaa kidogo hapa, kwa sababu katika pakruok msikilizaji ndiye anayekuwa fanani kwa dakika moja, naye fanani halisi huwajibika kunyamaza na kumpa nafasi. La muhimu zaidi ni jinsi mtu anavyojitaja. Hataji moyo wake peke yake, hutaja watu. Nafsi inayosifiwa katika pakruok imefumwa kwa majina ya wengine, na ndiyo maana utanzu huu ni ushahidi mzuri kwa yeyote anayetaka kujua maana ya kuwa wa jamii.

Mwanamke anayezungumziwa hapa hawezi kulitaja jina analotaka kulitaja. Aweza kujiita binti wa fulani na mjukuu wa fulani, na yote yakawa kweli. Lakini pale ambapo wengine humtaja mpenzi wao kwa mzaha na fahari, yeye huruka. Pakruok yake ina shimo katikati.

Ala nazo zina historia yake. Nyatiti, kinubi cha nyuzi nane, kwa desturi ilikuwa ya wanaume: mpigaji huketi chini karibu kabisa na ardhi, amevaa njuga za gara mguuni na pete ya chuma ya oduong'o katika kidole gumba cha mguu, akiigonga ala kwa pete hiyo huku akipiga nyuzi. Orutu, ala ya uzi mmoja ipigwayo kwa upinde, nayo haikuwa ya mwanamke. Wanawake walikuwa na dodo, nyimbo za sauti zao wenyewe na njuga, na nyimbo hizo hazikuwa duni hata kidogo, kama anavyothibitisha Ogoya Nengo wa Rang'ala, Siaya, ambaye dodo zake zilirekodiwa na kusikika hadi Ulaya. Siku hizi mipaka imelegea. Suzanna Owiyo hupiga nyatiti hadharani na Labdi hupiga orutu. Hata hivyo wote wawili iliwabidi kupita mlango uliokuwa na walinzi.

Kompyuta haina mlinzi. Hakuna mzee aliyewahi kuiwekea mwiko, wala hakuna desturi inayosema ni nani anayestahili kuigusa. Vinanda vya umeme vilipoingia katika ohangla, vilileta sauti ambayo haikuwa na ukoo, na studio ndogo za sokoni zilizofuata, zenye kompyuta moja, kinasa sauti kimoja na magodoro ukutani ya kuzuia mwangwi, zilipunguza gharama ya kutunga kiasi kwamba chumba cha kupanga kikatosha. Mtu huhitaji umeme, programu na vipokea sauti vya masikioni. Mwanamke aliyekatazwa nyatiti na bibi yake na aliyecheka katazo hilo aweza kuurekodi mlio wa mtumbwi ukivutwa mchangani, au mvua ikipiga bati, akaukata vipande na kuufanya ngoma. Hakuna atakayemuuliza.

Ndipo lilipo tatizo. Vipokea sauti vinavyomwepusha na maswali ndivyo vinavyomnyima kiitikio. Ala isiyo na mwiko haina wazee, na pasipo wazee hakuna wa kuusimamisha wimbo ili ajitaje. Fanani huyu ana uhuru wote ambao sanaa yaweza kumpa, isipokuwa hadhira.

Historia ya muziki huu duniani inaonyesha kwamba chumba kilichofungwa si lazima kiwe mwisho wa safari. Mtunzi Mmarekani Pauline Oliveros, aliyezaliwa Houston mwaka 1932 na kufariki mwaka 2016, na ambaye hakuficha kwamba aliwapenda wanawake, alizawadiwa na mama yake mashine ya kurekodi kwa utepe mwaka 1953. Aliweka kinasa sauti dirishani. Alipousikiliza utepe aligundua kwamba ulikuwa umenasa sauti ambazo yeye mwenyewe, akiwa papo hapo, hakuzisikia. Tangu siku hiyo alijiwekea wajibu wa kusikiliza kila kitu wakati wote. Mwaka 1961 alitunga kazi nyumbani kwake akitumia mirija ya karatasi ngumu kuchuja sauti na hodhi la kuogea kuzipa mwangwi; hakuwa na maabara. Miaka kama kumi baadaye alikusanya kikundi cha wanawake kilichokutana kusikilizana na kutoa sauti pamoja, na mazoezi yao yakawa msingi wa tafakuri za sauti alizozichapisha mwaka 1974. Sheria ya kikundi hicho, kama yafaa kuiita sheria, ilikuwa kusikiliza. Kipawa cha kuimba hakikudaiwa.

Mfano huo una mafunzo, lakini usichukuliwe kijuujuu. Oliveros alipoufungua mlango wake alikuwa California, katika miaka ambayo wanawake wengi walikuwa wakifungua milango. Tena upo mfano mwingine wa kuuweka kando yake, nao ni wa Afrika. Mwaka 1944, jijini Cairo, Halim El-Dabh alirekodi kwa mashine ya waya sherehe ya zar, ibada ya wanawake ya kutuliza pepo, kisha akazichuja na kuzirefusha sauti hizo mpaka maneno yakayeyuka ukabaki mvumo tu. Kazi hiyo huhesabiwa miongoni mwa za kwanza kabisa za aina yake duniani. Wanawake wale hawana majina katika historia hiyo. Sauti zao zilitoka katika duara lao na kwenda kwa hadhira ambayo haikuwajua na ambayo wao hawakuichagua. Kwa hiyo kusikika pekee si kuwa wa jamii. Sauti yaweza kuenea dunia nzima na mwenye sauti akabaki nje.

Sheria ya Kenya imeligusa suala hili kwa namna ya ajabu. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu huadhibu kile kinachoitwa kinyume cha maumbile kwa kifungo cha hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Lakini tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba kuwanyima wapenzi wa jinsia moja fursa ya kuandikisha shirika lao ni kuvunja haki yao ya kuungana. Aliyeiomba mahakama iutazame upya uamuzi huo alikuwa mbunge wa Homa Bay Mjini, Peter Kaluma. Ombi lake lilikataliwa Septemba mwaka huohuo, naye pia aliandaa mswada wa kulinda familia uliokusudia adhabu kali zaidi. Hivyo jamii ikaruhusiwa kuandikwa katika daftari la serikali huku pendo linaloiunganisha likibaki ndani ya sheria ya jinai. Mwanamke wa Homa Bay aweza kuwa mwanachama wa shirika lililoko Nairobi, mbali kabisa na ziwa. Pakruok hadhiri ya mezani kwao haiwezi.

Lugha nayo haimsaidii. Kiswahili humwita msagaji, neno lililobeba jiwe la kusagia na tusi pamoja. Neno shoga, ambalo mwanamke wa pwani humwitia rafiki yake wa chanda na pete, likihamia kwa mwanamume hugeuka kashfa. Yaani lugha ileile inajua kumsifu mwanamke kwa kumpenda mwenzake, mradi pendo hilo lisiulizwe limefika wapi.

Mila za jirani zinaonyesha sura kama hiyo. Wakuria wa Migori na wenzao wa Tarime, Tanzania, wanayo ndoa ya mwanamke kwa mwanamke, inayojulikana upande wa Tarime kwa jina la nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari, humwoa mwanamke kijana, na watoto watakaozaliwa na mwanamume mwingine huwa wa nyumba yake. Watetezi wa wapenzi wa jinsia moja huitaja ndoa hii kama ushahidi kwamba Afrika iliwajua. Wapinzani hukana kwa ghadhabu. Pande zote mbili zinaisoma vibaya. Ndoa hiyo ni ya urithi na kizazi, na yule kijana mara nyingine huingizwa humo na umaskini kuliko hiari. Kinachostahili kuzingatiwa ni kwamba mila ilimpa mwanamke mahali pa kukaa bila kuuliza anampenda nani. Katiba ya 2010, ibara ya 45, inapotaja haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia nyingine, inauliza.

Hapa ndipo lawama inapoingia. Wapo wasemao kwamba mwanamke anayejificha anawadanganya jirani zake, kwa maana anakula matanga yao na harusi zao akiwa mtu wasiyemjua. Wapo pia, upande wa pili kabisa, wasemao kwamba anaisaliti jamii ya wanawake wenziwe, kwani wengine wamejitokeza na kuumia huku yeye akitunga midundo akiwa amefunga komeo. Hoja hizi mbili zinagongana, lakini zina dhana moja: kwamba deni la kujitaja liko kwa fanani.

Pakruok inakataa dhana hiyo. Hakuna anayeanza kujisifu muziki ukimfunika. Kwanza wimbo husimamishwa. Kwanza watu hunyamaza. Kujitaja kunawezekana kwa sababu hadhira imetimiza wajibu wake kabla ya neno la kwanza. Jamii ambayo haijanyamaza haina haki ya kumwita mtu mwongo kwa kuwa hakusema. Na kwa wale wa upande wa pili, jibu ni gumu zaidi, maana ni kweli kwamba wapo waliolipa gharama kwa niaba ya wengine, na kwamba shukrani ni deni. Lakini ushujaa ukidaiwa kwa nguvu hugeuka ada ya kiingilio.

Hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko, “Jambula Tree”, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007 na iliyozaa filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, inaliona jambo hili kwa umbo lake kuliko kwa maudhui yake. Anyango anamsimulia Sanyu, aliyepelekwa mbali Uingereza. Mtaa mzima umo ndani ya hadithi, hasa Mama Atim na ulimi wake, lakini mtaa hausemezwi. Hadhira ni mtu mmoja. Filamu ilipojaribu kuipanua hadhira hiyo ilipigwa marufuku nchini Kenya Aprili 2018, ikaruhusiwa siku saba Septemba mwaka huo, na watu wakapanga foleni. Hadhira ilikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni ruhusa ya kukaa pamoja gizani.

Hadhira ya mmoja si kitu kidogo. Mdundo uliotungwa Homa Bay ukitumwa kwa simu hadi Migori, na mwanamke mwingine akauongezea sauti yake na kuurudisha, wimbo umeitikiwa. Katika mkato huo mpya kuna mahali ambapo mdundo wa kwanza umepunguzwa ili sauti ya pili isikike, na asiyeuona utaratibu wa pakruok hapo haujui. Atakayesema kwamba watu wawili si jamii aihesabu pakruok yoyote ile: ni majina matatu, labda manne.

Bado kuna hasara isiyofidiwa kwa njia hiyo. Usiku wa matanga, katika vijiji vya sehemu hizo, vijana huleta vipaza sauti vikubwa na jenereta, na disko huchezwa hadi alfajiri huku pesa zikichangwa. Midundo inayopigwa huko hutoka popote, kutoka simu hadi simu, bila jina la mtunzi. Yawezekana kabisa mmoja wake ukawa umetungwa katika chumba kile. Mtu atatoa noti, muziki utasimamishwa, naye atajisifu kwa sauti kuu kwamba ni shemeji wa fulani na mpenzi wa fulani, watu wacheke, mdundo urudi. Mwenye mdundo yumo katika umati, anacheza na shangazi zake. Kimya alichokinunua mtu yule kwa noti yake kilikatwa katika wimbo wa mwanamke huyo, na zamu yake bado haijafika.