Kati ya Kupanda na Kushuka

Kila kinachorushwa juu hufika mahali ambapo kupanda kumekwisha na kushuka hakujaanza. Hapo hutulia. Utulivu huo ni mfupi mno, hata ukiutaja kwa ulimi umeshapita. Lakini upo, Mwenyezi Mungu ameuweka ndani ya kila mruko, nami ndio ninaoutafuta kila ninapobeba kamera kwenda kupiga picha za ngoma. Sipigi kwa kulipwa, napiga kwa mapenzi. Na usiku, kazi za mchana zikishakwisha, nasoma vitabu kwa mapenzi yale yale.

Twende basi, msomaji wangu, tukasimame pamoja Bujora, karibu na Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, penye makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na padri kutoka Kanada, David Clement. Mwezi wa Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, huchezwa hapo ngoma za Bulabo. Wapo Bagika na wapo Bagalu, pande mbili zilizoanza kushindana tangu karne ya 19, na mwamuzi wao ni umati: anayewavuta watu wengi uwanjani kwake ndiye mshindi. Mcheza kwao hutunzwa, nao hutunzwa kweli.

Ngoma inayonishika roho kuliko zote ni bugobogobo, ngoma ya majembe, iliyotoka shambani, kwenye makundi ya vijana waliolima pamoja kwa kufuata mdundo. Jembe lile lile linalofukua udongo, lenye mpini uliolainishwa na viganja, hurushwa hewani, likajizungusha, likarudi mkononi mwa mwenyewe naye hajapoteza hata hatua moja. Chuma kizito namna ile! Na safu nzima ya wachezaji hurusha kwa pamoja, njuga zikilia miguuni kwa sauti moja, utadhani miili ile yote imegawiwa moyo mmoja.

Macho hayana pazia, walisema wahenga. Kamera inalo, nalo hufunguka na kujifunga kwa sehemu moja ya elfu moja ya sekunde. Anayeanza kupiga picha za ngoma hubonyeza pamoja na mdundo, akapata nyayo zilizokwisha kutua, kwa kuwa mdundo ni wa kutua. Uzuri uko kati ya mdundo na mdundo. Na tazama rehema iliyomo katika mpango huu: mtu anaporuka, nusu ya muda wote anaokaa hewani huupitisha katika robo ya juu kabisa ya mruko wake. Anapopendeza zaidi, ndipo anapokawia zaidi. Nani angeupanga mwendo kwa ukarimu kuliko hivyo?

Ikuze picha ya mchezaji aliye hewani, uisogelee. Vidole vya mguu vimetanuka vikiisubiri ardhi. Vumbi limening'inia kwenye kifundo kama moshi wa ubani, na tone la jasho limeachana na paji la uso lakini halijaanza safari yake ya kushuka. Mguu ule una mifupa 26, na kila mmoja unajua zamu yake. Ndani kabisa ya sikio, mifereji mitatu midogo iliyojaa majimaji inapima kugeuka kwa kichwa ili mwenyewe asianguke. Nao uso, katikati ya kishindo chote kile, umetulia kabisa. Hapo ndipo ninaponyamaza nikamshukuru Aliyetuumba.

Nimeutazama pia utulivu huo katika picha za Barbara Morgan, Mmarekani aliyempiga picha mcheza dansi Martha Graham na kutoa kitabu cha picha hizo mwaka 1941. Iko moja ambamo Graham ameinama mbele, mkono kwenye paji la uso, mguu umetupwa nyuma, na sketi yake ndefu imechora upinde mzima hewani. Nguo ile ilishaanguka zamani, ila pichani bado imeinuka.

Lakini kitabu ninachokirudia zaidi hakina picha za ngoma. Ni cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa kilicho ng'ambo tu ya maji kutoka Usukumani. Ni habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mke na mume waliotamani mtoto, na jinsi mume alivyotakiwa kupeleka pombe ya ndizi ukweni ili arudishiwe mke wake. Mwandishi mwingine angetosheka na sentensi mbili. Kitereza hukaa hapo. Hueleza kazi, salamu na maongezi, hatua kwa hatua, mpaka siku ya kawaida ya Wakerewe wa kale inasimama mbele yako, haipiti. Alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikachapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Kwangu mimi huyo ni mpiga picha mkubwa kuliko wote, ingawa alitumia kalamu.

Ukijaliwa kufika Bujora mwezi wa Juni, ndugu msomaji, iache kwanza kamera begani, utazame ngoma moja tangu mwanzo hadi mwisho; picha utapiga kwenye ngoma ya pili. Na kitabu cha Kitereza kitafute, ukisome polepole.