PESA ILIYOTOKA KINYWANI MWA SAMAKI

Somo: Mathayo 17:24-27, Matendo 5:1-4



Mwezi wa sita umefika, na tarehe 30 ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani za ushuru kwa KRA. Najua kuna mtu anasema, "Pasta, nilikuja kusikia Neno, si mambo ya KRA." Tulia, mpendwa. Neno lenyewe ndilo linatupeleka huko.

Kule Kapernaumu, wakusanyaji wa ushuru wa hekalu walimuuliza Petro kama mwalimu wake hulipa. Yesu akamtuma baharini na ndoana. Angalieni vizuri. Petro alikuwa mvuvi wa nyavu na mashua, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Siku hiyo alitupa ndoana, akavua samaki mmoja, akakuta sarafu moja kinywani. Ilikuwa pesa ya mara moja! Na pesa hiyo hiyo ndiyo Bwana alisema ipelekwe kulipa ushuru.

Wengi wetu tumewahi kuvua samaki kama huyo. Wewe ni mwalimu, mtu akakupa kazi ya kutafsiri. Ulipiga picha za harusi moja. Ulimwandikia mtu pendekezo la mradi. Pesa ikaingia kwa M-Pesa, kazi ikaisha. Juni ikifika, unachukua ile P9 ya mwajiri, unajaza mshahara peke yake. Ama huna ajira, basi unafaili nil, dakika mbili umemaliza. Moyoni unasema, "Ile ilikuwa mara moja tu, haihesabiki."

Ebu nikuulize. Pesa hiyo ilipoingia, si ulileta fungu la kumi? Ulileta, na Mungu akubariki. Basi hapa madhabahuni uliiita mapato, na kule kwa KRA umeiita sufuri. Pesa ni moja, kinywa ni kimoja, lakini maneno ni mawili. Mwambie jirani yako, "Maneno ni mawili!"

Tuhesabu pamoja. Tuchukue mfano wa dada aliyefanya kazi ya ushauri ya shilingi 60,000. Aliyemlipa akakata asilimia 5, yaani 3,000, akazipeleka KRA. Dada anasema, "Si wameshanikata? Nimemaliza." Hapana, hiyo ni sehemu tu. Katika ritani anaandika 60,000 yote, sio 57,000 iliyomfikia. Anatoa gharama halisi za kazi hiyo, tuseme 8,000 za intaneti na usafiri, akiwa na risiti. Inabaki 52,000. Kama mshahara wake umepita shilingi 32,333 kwa mwezi, hiyo 52,000 inatozwa asilimia 30, yaani 15,600. Akiondoa zile 3,000, analipa 12,600. Inauma, sikatai. Lakini je, dhamiri yako utaiuza kwa 12,600?

Na yule asiye na mshahara? Mapato ya mwaka mzima yasiyozidi 288,000, ukiondoa nafuu ya kibinafsi ya 28,800, hayabaki na ushuru wa mapato wa kulipa. Tena zile 3,000 zilizokatwa anaweza kuomba arudishiwe. Ndugu, unadanganya ili uokoe nini? Shetani amekuuzia uongo ambao hata faida hauna!

Sasa najua lile swali. "Pasta, tulipe halafu wale?" Uchungu huo ni wa haki. Mama anakosa dawa hospitalini na tunasoma habari za wizi. Lakini mtazame Bwana. Yesu alimwonyesha Petro wazi kwamba wana wa mfalme hawatozwi ushuru na mfalme. Alikuwa na hoja, na aliisema. Kisha akalipa. Hakunyamaza, na hakuficha. Mkristo ana ruhusa ya kuuliza pesa zetu zinaenda wapi, na kupiga kura akikumbuka. Lakini utamkemea mwizi wa mali ya umma kwa nguvu gani, nawe umeficha ya kwako?

Petro huyo huyo, miaka baadaye, alisimama mbele ya Anania. Shamba lilikuwa la Anania, na pesa zilikuwa zake. Kosa halikuwa kubaki na pesa. Kosa lilikuwa kuleta sehemu na kuiita yote. Na wewe ukituma ritani, unakiri kwamba uliyoandika ni kweli.

Basi wiki hii fanya mambo matatu. Pitia M-Pesa na benki yako kuanzia Januari 1 hadi Desemba 31 mwaka uliopita, uandike kila malipo ya kazi. Mwombe aliyekukata ushuru cheti cha makato. Kwa ritani, ukiulizwa kama una mapato mengine mbali na mshahara, jibu ndiyo. Na kama ulishatuma isiyo ya kweli, iTax inakubali kurekebisha. Zakayo alirekebisha hesabu zake, na wokovu ukaingia nyumbani mwake.

Tuombe: Baba, wewe uliona kila shilingi ilipoingia. Tupe kinywa kimoja, madhabahuni na ofisini. Wanaotushika mkono wa ushuru, waguse wawe waaminifu, ukianza na sisi. Kwa jina la Yesu, Amina.

Kwa ushirika wa nyumbani: Ni pesa gani ya "mara moja tu" ambayo tumezoea kuiona haihesabiki? Tusaidiane kujaza ritani kabla ya tarehe 30.