Upanga na Ala Yake

Iyunga, magharibi ya mji wa Mbeya, ipo stesheni ya reli ya TAZARA. Gari-moshi likitoka hapo hushika njia ya Tunduma, likavuka mpaka na kuingia kaskazini ya Zambia. Huko, miaka sita kabla ujenzi wa reli hiyo haujaanza mwaka 1970, swali la kale lilijibiwa kwa damu: je, yafaa Mkristo kuishikia silaha serikali yake?

Maandiko yana sauti mbili. Paulo, katika Warumi 13, anataka kila mtu aitii mamlaka, kwa kuwa asili yake ni Mungu. Petro naye, katika Matendo ya Mitume 5, analiambia baraza kwamba utii kwa Mungu hutangulia utii kwa binadamu. Lakini Petro huyo alikwisha kuamriwa aurudishe upanga alani. Alikataa amri ya wakubwa, akapigwa. Yeye hakumpiga mtu.

Mwaka 1953, wilayani Chinsali, Alice Lenshina alisema kuwa amekufa na kufufuka, naye amepewa ujumbe wa Mungu. Kanisa lake la Lumpa likavuta maelfu. Wafuasi wake walipotakiwa kuchukua kadi za chama cha UNIP, wengi walikataa. Wakajitenga katika vijiji vyao na kuvizungushia maboma. Julai 1964 vita vikazuka. Kwa mikuki, mashoka na magobori walizikabili bunduki za jeshi. Hadi Lenshina alipojisalimisha mwezi wa Agosti, watu zaidi ya 700 walikwisha kufa.

Aliyelituma jeshi hilo, Waziri Mkuu Kenneth Kaunda, alikuwa mwana wa mhubiri wa misheni ya Lubwa, misheni ile ile alikobatizwa Lenshina. Kaunda alikuwa amewapinga Waingereza kwa kufuata mafunzo ya Gandhi. Baadaye, akiwa Rais, aliwapa hifadhi wapigania uhuru wenye silaha, na mwaka 1980 akatoa kitabu kueleza kwa nini fikra zake zilibadilika.

Hapana budi kukiri kuwa hali hizo si sawa. Rhodesia, walowezi wachache waliwanyima wengi kura. Serikali ya Kaunda ilichaguliwa Januari 1964. Hata hivyo, kwa mwanakijiji aliyepigwa kwa sababu ya kadi, tofauti hiyo ilikuwa na faraja gani? Dhuluma haipungui uchungu kwa kutendwa na aliyechaguliwa.

Walumpa walikuwa na haki ya kukataa kadi, na haki hiyo ni pana: kila mwenye imani anayo, hata mbele ya serikali njema. Haki ya kuua ni nyembamba mno. Walipoushambulia mji wa Lundazi, waliouawa hawakuwa watawala bali raia wa kawaida, wasio na amri juu ya kadi wala kodi. Kukataa humgharimu mwenye kukataa. Silaha humtoza na jirani ambaye hakuulizwa. Na atakayeona kuwa hana njia nyingine ila upanga, kwanza ajiulize iwapo siku atakapokalia kiti atamruhusu mwingine kuufuta dhidi yake kwa hoja hiyo hiyo. Akisita kujibu, naaurudishe alani.