Sukari ya Chai na Mtoto Anayengojewa



Abrahamu alipowapokea wale wageni watatu penye mialoni ya Mamre, aliwaandalia mikate, nyama, siagi na maziwa, na baada ya kula wakampa habari kwamba Sara atapata mwana. Sukari hawakuwa nayo. Huku Merigi, katika nchi ya chai ya Bomet na Kericho, mgeni hukaribishwa kwa chai ya maziwa, na sukari imekwisha chemshwa humo humo katika sufuria. Kikombe cha pili kikiisha, mama mkwe huuliza: "Na mtoto je?" Macho yote humgeukia bibi. Bwana huendelea kunywa chai yake.

Leo tuseme juu ya kikombe hicho, kisha juu ya swali hilo.

Sukari tunayokunywa huingia upesi katika damu, na kongosho hutoa homoni iitwayo insulini ili sukari hiyo ipate kutumiwa na mwili. Mtu akizidisha mwaka baada ya mwaka, hunenepa, hasa tumboni, na mwili huanza kutoitii insulini. Kongosho nalo huzidi kuitoa. Hapo ndipo uzazi unapoguswa. Insulini nyingi huvichochea vifuko vya mayai vya mwanamke kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi, na yai halipevuki kwa wakati wake, au halitoki kabisa. Bibi anayeandika chati ya njia ya Billings huliona jambo hili mapema: mzunguko wa siku 40, mwingine wa siku 60, na ute unakuja na kupotea bila mpango. Akiona pia ndevu kidevuni na chunusi zisizoisha, na apimwe ule ugonjwa wa vifuko vya mayai ambao madaktari Stein na Leventhal wa Chicago waliueleza mwaka 1935. Si wanene tu wanaoupata, tena hufuata ukoo, basi asiambiwe kwamba ameuleta kwa ulafi. Lakini mgonjwa mnene akipunguza hata sehemu moja ya ishirini ya uzito wake, mara nyingi mayai huanza tena kupevuka.

Bwana naye asidhani somo hili ni la akina mama. Mafuta ya tumbo lake hugeuza sehemu ya homoni yake ya kiume kuwa ya kike, na kisukari kikiingia huharibu mishipa ya nguvu zake. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walitoa habari za wanawake zaidi ya 3,800 wa Marekani na Kanada waliokuwa wakitafuta mtoto, pamoja na waume zaidi ya 1,000. Kwa bibi aliyekunywa soda moja au zaidi kila siku, nafasi ya kushika mimba kila mwezi ilipungua kwa karibu robo. Bwana alipokuwa ndiye mnywaji, ilipungua kwa karibu theluthi. Hesabu za namna hii hazithibitishi kwamba soda ndiyo iliyozuia mimba, ila zinatosha kumfanya bwana aitazame chupa yake.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isifike gramu 50 kwa siku, na ingefaa isizidi 25, yaani vijiko sita vya chai. Vikombe vinne vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni gramu 48, kabla ya soda. Asali nayo huhesabiwa. Mursik haina sukari ya kuongezwa.

Hata hivyo tusidanganyane. Nyumba nyingi zinazokunywa chai tamu zimejaa watoto. Katika Afrika, mirija iliyozibwa na maambukizo yasiyotibiwa ni sababu kubwa ya ugumba, na mirija haizibuki kwa kuacha sukari. Mkikaa mwaka mzima bila mimba, au miezi 6 ikiwa bibi amefika miaka 35, nendeni hospitali, nanyi mwende wawili. Kupima mbegu za bwana ni rahisi kuliko vipimo vingi vya bibi, na ndicho kipimo kinachokimbiwa zaidi.

Sasa lile swali. Wakipsigis wa zamani waliona uzito wake hata wakawa na desturi ya mwanamke asiye na mwana kumwoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake isizimike. Siku hizi anayesukumwa ni bwana, aoe wa pili. Elkana alikuwa na wake wawili, na tunajua Hana alivyolia katika nyumba ile, ingawa mumewe alimpenda. Ndugu yangu, agano lako la altareni halikuvunjika kwa sababu kitanda cha mtoto ni kitupu. Kanisa hufundisha kwamba mtoto ni zawadi, si deni ambalo bibi anadaiwa.

Basi mama yako akiuliza tena, usimwachie bibi jibu. Sema wewe: "Mama, tunapimwa sote wawili." Kisha mwombe, kwa heshima, chai ipikwe bila sukari, na bakuli la sukari liwekwe mezani kila mtu ajipimie.